Tanzanite ina sumaku ndani? Mpwa wangu kaiweka kwenye mashine ya ESR, wajuzi nifafanulieni

#1 Mchoma Mawe
Wakuu heshima kwenu. Mimi nachoma mawe hapa Arusha, mwaka wa 12 huu, nachoma tanzanite za mabroka na zangu mwenyewe nikijaliwa. Nina mpwa wangu anasoma fizikia Ujerumani, likizo alipokuja akaniomba vipande, nikampa vitano vya kutupwa tu, vitatu vibichi na viwili vimeshapita tanuruni. Jana usiku kanitumia picha ya mchoro, mstari unapanda unashuka kama ule wa mapigo ya moyo hospitali, na chini kaandika "Mjomba jiwe lako lina visumaku vidogo ndani, nimeviona".

Nikatoa sumaku kwenye spika mbovu nikaisogeza kwenye jiwe, hola. Haitikisiki. Nimempigia hapokei, yuko maabara. Kwahiyo naomba kujua, hii sumaku anayoisema ni ipi? Na la pili ambalo ndio linaniuma zaidi, hiyo mashine inaweza kutambua jiwe lililochomwa na ambalo halijachomwa? Maana kama inaweza, sisi wengine tujue mapema.

#2 Ngoja Waje
Siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Nyoka Mstaafu
Mchoma Mawe huyo mpwa anakula ada yako tu. Nimeshuka mashimo ya Mererani miaka 9, sijawahi kuona tanzanite inavutwa na sumaku. Ingekuwa inavutwa tungeshuka na sumaku badala ya nyundo na tindo, tungekuwa matajiri wote.

#4 Bi Fuwele
Habari zenu. Nimesoma kemia, ESR (electron spin resonance, kupima spini za elektroni) nimeitumia kidogo kwenye shahada ya pili, ngoja nijaribu.

Sumaku anayosema mpwa siyo ile ya spika. Kila elektroni ina tabia inaitwa spini, inaifanya iwe kama kisumaku kidogo sana. Kwenye vitu vingi elektroni zinakaa mbilimbili, moja imeelekea juu nyingine chini, sumaku zao zinafutana. Tanzanite yenyewe ni zoisite, yaani kalsiamu, alumini, silika, oksijeni na haidrojeni kidogo, na kwa hao wote elektroni zimeshaoana. Rangi inaletwa na wageni walioingia wakati jiwe linaumbika, vanadiamu hasa, wamekaa kwenye viti vya alumini. Hao wageni ndio wana elektroni ambazo hazina mwenza. Ni wachache mno ukilinganisha na jiwe zima, ndio maana spika yako haikuona kitu.

Mashine inafanya hivi: jiwe linawekwa katikati ya sumaku kubwa, hapo visumaku vinagawanyika, vingine vinafuata uga, yaani nguvu ya hiyo sumaku kubwa, na vingine vinaupinga. Halafu jiwe linapigwa na maikrowevu. Uga ukifika kiwango fulani hasa, elektroni zinameza yale mawimbi na kugeuka. Mashine inaona mawimbi yamepungua, inachora. Ndio ule mstari.

#5 Dogo Fundi
Maikrowevu kama ya jikoni?? Si jiwe litapasuka sasa

#6 Bi Fuwele
Dogo Fundi aina ni ile ile ila nguvu ni ndogo mno, hata chai haipati moto. Na masafa ni tofauti, ya jikoni ni gigahezi 2.45, mashine nyingi za ESR zinatumia kama 9.5. Sumaku yake inafika tesla 3.4.

#7 Kipimio
Bi Fuwele samahani, ni tesla 0.34 siyo 3.4. Elektroni huru inataka kama gigahezi 28 kwa kila tesla 1, gawanya 9.5 kwa 28 utaona. Ukiwa na tesla 3.4 utahitaji mawimbi ya gigahezi 95, hizo mashine zipo ila ni za matajiri na sumaku yake inapozwa kwa heliamu. Na kwa faida ya Dogo Fundi, ukitaka kutumia masafa ya jikoni sumaku yako iwe tesla 0.0875 tu. Usijaribu.

#8 Bi Fuwele
Kipimio shukrani, nukta imeniponyoka. 0.34.

#9 Nyoka Mstaafu
Nukta moja tu mmeshakosana. Huku chini ukikosea nukta kwenye mzani unalala na njaa.

#10 Mchoma Mawe
Bi Fuwele asante, hapo kwenye viti vya alumini nimekuelewa kabisa. Sasa mbona mchoro wake una milima mingi? Nimehesabu ile ya kipande cha kwanza, kuna sita iliyosimama vizuri, halafu pembeni kuna vidogo vidogo na kwingine kuna kilima kipana kimelala kama tembo.

#11 Kipimio
Mchoma Mawe sita ni manganisi. Naweka shilingi zangu hapo.

Ipo hivi, elektroni haiko peke yake, ina jirani yake ambaye ni kiini cha atomu, na viini vingine navyo vina kisumaku chao. Elektroni inasikia sumaku ya mashine pamoja na ya kiini chake, na kiini kinaweza kuelekea pande kadhaa, kila upande unatoa mstari wake. Manganisi inatoa mistari 6, vanadiamu inatoa 8, shaba inatoa 4. Ni kama namba ya gari, ukiona sita zimepangana unajua gari ni la nani. Kile kilima kilicholala huenda ni chuma ila hapo siapi.

Na mstari unaonekana unapanda kisha unatumbukia chini kwasababu mashine haichori kiasi kilichomezwa, inachora mteremko wake. Palipo na kilele halisi ndipo mstari unapokatiza katikati.

#12 Mzee wa Mrututu
Vijana salaam. Kuhusu shaba kutoa minne, Kipimio uko sahihi nusu. Mimi nilisoma nje enzi hizo, zoezi letu la kwanza lilikuwa mrututu, huu huu wanaopulizia kahawa. Unayeyusha kwenye maji moto, unaning'iniza punje moja kwa uzi, unaacha wiki, unapata fuwele la bluu limenyooka kama limekatwa na fundi. Nikaliweka kwenye mashine nikisubiri mistari minne. Ukaja mmoja! Mnene. Nikafikiri nimeharibu, nikakuza jingine, mmoja tena. Wiki mbili zimekwenda.

Mwalimu akacheka, akaniambia kwenye mrututu shaba zimekaa karibu karibu, zinabadilishana spini haraka mno, kwahiyo hakuna inayokaa na kiini chake muda wa kutosha uisikie. Ukiwa mbali na soko unasikia mvumo mmoja, hujui nani kasema nini. Akanipa chumvi ya zinki na amonia, nikatia shaba tone tu, fuwele likaota limepauka karibu na maji, kuweka kwenye mashine, minne hiyoo. Kwahiyo wageni wakiwa wachache ndio unawasikia vizuri. Tanzanite hapo ina bahati, wageni wake wako mbalimbali.

#13 Dogo Fundi
Mzee wa Mrututu wiki mbili ulikuwa unalalia fuwele kama kuku

#14 Mzee wa Mrututu
Na lilianguliwa, wewe je?

#15 KazanBaridi
Wakuu nipo Kazan huku Urusi nasoma uhandisi, baridi imenifungia ndani nikaona uzi huu. Kwa taarifa tu hii ESR iligunduliwa hapa hapa Kazan mwaka 1944, na Yevgeny Zavoisky, vita bado inaendelea. Kuna taasisi ya fizikia ina jina lake na chuoni kuna chumba cha makumbusho yake. Alianza na chumvi za manganisi na shaba, hao hao wa Mzee wa Mrututu.

#16 Tochi Kali
KazanBaridi mimi nilifundishwa ni Waingereza, Oxford, walichukua mitambo ya rada baada ya vita.

#17 KazanBaridi
Tochi Kali hao walifuata. Zavoisky alitumia mawimbi marefu zaidi na sumaku dhaifu. Vita ilipoisha vifaa vya maikrowevu vya rada vikabaki vimejaa, ndipo Bleaney na wenzake Oxford wakaanza kupima fuwele moja baada ya nyingine, na Wamarekani nao wakaingia. Kwahiyo Mrusi kaanza, rada ikamalizia. Msinivurugie, naishi kwa watu.

#18 Jirani wa Voi
Habari wadau, mimi ni wa upande wa Kenya, Taita. Sisi tuko na tsavorite, hiyo ni garneti ya kijani, na pia tunaambiwa rangi ni vanadiamu na kromiamu. Sasa mbona vanadiamu kwenu inatoa bluu na kwetu kijani? Ama ni siasa.

#19 Bi Fuwele
Jirani wa Voi hapo ni viti. Mgeni ni mmoja lakini kiti cha garneti na kiti cha zoisite havijakaa sawa, oksijeni zinazomzunguka ziko umbali tofauti na pembe tofauti, kwahiyo anameza mwanga tofauti. Na ESR nayo ndio kazi yake kubwa kwenye fuwele, inakuonyesha umbo la kiti. Ukiligeuza jiwe kidogo ndani ya sumaku mistari inahama. Wanafunzi wanaligeuza nyuzi tano tano mpaka wamalize mzunguko, wanachora mistari inavyotembea, wanajua mgeni amekaa wapi na kiti kimebanwa upande upi. Kazi inachosha hiyo, unatoka macho mekundu.

#20 Mchoma Mawe
Sasa hapo ndio umenigusa. Hicho ndicho tunafanya sisi na tochi kila siku! Broka akileta jiwe bichi nalishika kwa vidole viwili, tochi chini, nalizungusha. Upande huu bluu, huu zambarau, ukiligeuza tena linatoa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mengine kama mkojo wa mgonjwa mnisamehe. Ile chai ndio ninayoichoma. Ikitoka tanuruni unazungusha unapata bluu na zambarau tu, chai imeondoka. Kwahiyo wao wanazungusha kwenye sumaku sisi kwenye tochi, jiwe ni lile lile.

#21 Tochi Kali
Mchoma Mawe kwahiyo swali lako la pili umeshajijibu. Ukiona upande wa tatu una chai, halijachomwa. Daikroskopu, kile kidude cha kuchungulia rangi za jiwe pande tofauti, ya bei ndogo inakuonyesha, mashine ya Mjerumani ya nini.

#22 Mchoma Mawe
Tochi Kali siyo rahisi hivyo. Yapo mawe yanatoka shimoni yameshakuwa bluu, moto wa ardhini umeyachoma kabla sijazaliwa. Hayo hayana chai na mimi sijayagusa. Mteja wa nje anataka karatasi kwamba halijachomwa, analipa zaidi, na maabara nyingi zinakwepa kusema maana huwezi kutofautisha moto wa Mungu na moto wangu. Ndio nauliza, je spini zinajua?

#23 Nyoka Mstaafu
Mchoma unaomba mashine ikusaidie au unaiogopa? Tuambie ukweli tuko familia.

#24 Mchoma Mawe
Yote mawili.

#25 Kipimio
Twende kwenye kiini. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vanadiamu kwenye jiwe bichi imepoteza elektroni 3, ukichoma inapoteza moja zaidi inakuwa 4. Sasa kwa ESR hii ni habari nzuri. Vanadiamu ya 3 imebaki na elektroni mbili zisizo na wenza, na zikiwa shufwa mara nyingi mashine ya kawaida haioni kitu, mstari unakuwa nje ya uwezo wake. Vanadiamu ya 4 ina moja tu, witiri, hiyo inaonekana, mistari minane safi. Kwahiyo jiwe bichi kimya, jiwe lililochomwa linaongea. Mpwa aangalie minane, kama ipo kwenye vile viwili na haipo kwenye vitatu kesi imeisha.

#26 Asiyeamini
Kipimio kesi haijaisha hata kidogo. Mwaka 1971 Tsang na Ghose walishapima zoisite ya bluu kwa ESR, wakaona manganisi, wakaona chuma, na vanadiamu waliyoiona wakasema ni ya 2, siyo ya 4! Ya 3 wakaiona kwa njia ya mwanga. Sasa ya 2 ina elektroni tatu, witiri pia, na inatoa minane pia maana kiini ni kile kile. Kwahiyo ukiona minane utajuaje ni ya 2 au ya 4?

#27 Bi Fuwele
Asiyeamini umetoa hoja nzito. Tofauti ipo, ya 4 ina spini moja kwahiyo ni kundi moja la minane kwa kila kiti. Ya 2 ina tatu, inatoa makundi matatu, kila kundi minane, jumla 24 kwa kila aina ya kiti, na yanatawanyika ukizungusha jiwe. Kwa kipande cha kutupwa kilichowekwa ovyo bila kujua mhimili uko wapi, utapata msitu. Mpwa wako Mchoma kama hakupanga jiwe kwa mihimili yake ule mchoro unamwambia nani yupo, haumwambii amekaa wapi.

#28 Tochi Kali
Na kuna wanaosema vanadiamu inasingiziwa bure, ile chai ni titaniamu. Titaniamu ya 3 inaleta ule ukahawia, ukichoma inakuwa ya 4 haina elektroni ya peke yake, rangi inafutika, bluu ya vanadiamu iliyokuwepo tangu mwanzo ndio inabaki. Yaani moto hauongezi bluu, unatoa pazia.

#29 Kipimio
Hiyo ya titaniamu nimeisikia na inanisumbua maana inageuza kila kitu. Kwa Tochi Kali kuchoma KUNAFUTA mstari, kwa maelezo yangu kuchoma KUNALETA mstari. Kitu kizuri ni kwamba mashine inaweza kuamua. Kitu kibaya titaniamu haina namba ya gari, viini vyake vingi havina sumaku, vyenye nayo ni kama asilimia 13 tu, kwahiyo unapata mstari mmoja hauna jina. Na mara nyingi hauonekani mpaka upoze jiwe sana.

#30 Nyoka Mstaafu
Sasa mmeanza kunichanganya, kwanza shaba, sasa titaniamu. Mimi ninachojua jiwe linakuwa bluu kwasababu limepata moto, kama mtu anavyokuwa mweusi akikaa juani.

#31 Asiyeamini
Nyoka Mstaafu usicheke, hata wewe unaweza kuwa sahihi kuliko wao. Mchoma Mawe unachoma kwenye hewa wazi au umefunika?

#32 Mchoma Mawe
Nafunika. Nazika kwenye mchanga mkavu ndani ya kikombe, tanuru la umeme, napandisha moto pole pole maana ukikimbiza linapasuka, nafika kama 550 nakaa, nashusha pole pole pia. Wenzangu wengine wana namba zao, kila mchomaji ana siri yake na anaona mwenzake anakosea.

#33 Asiyeamini
Sawa. Sasa kama limezikwa, na jiwe ni gumu halina tundu, oksijeni inaingilia wapi mpaka katikati ya jiwe kwa saa chache ikachukue hizo elektroni? Haingii. Kuna kitu ndani ya jiwe lenyewe kinapokea. Mimi nashuku haidrojeni, zoisite ina OH ndani ya umbo lake, haidrojeni ni ndogo inaweza kuhama. Elektroni moja inatoka kwa mmoja inaenda kwa mwingine, hakuna cha oksijeni ya nje.

#34 Kipimio
Asiyeamini kuhama sawa, lakini kuhama kwa nyuzi 550 ndani ya saa mbili kwa jiwe zima? Onyesha hesabu.

#35 Asiyeamini
Wewe onyesha oksijeni ilipoingilia kwanza.

#36 Dogo Fundi
Nimekaa paleee na karanga zangu

#37 Mama Rubi
Wakati mnagombana niongeze moja. Nina rubi za Longido dukani, zile za ndani ya zoisite ya kijani. Nilisoma mahali kwamba rubi na ESR wana historia, kuna kipaza sauti cha mawimbi kilitengenezwa kwa rubi na kikasikia mwanzo wa ulimwengu. Ni kweli au chai?

#38 KazanBaridi
Mama Rubi ni kweli, siyo chai. Inaitwa meza, M-A-S-E-R, msiseme meza ya kulia. Kromiamu ndani ya rubi ina ngazi nne za spini, hata bila sumaku zimeshaachana kwa kama gigahezi 11.5. Ukizisukuma kwa mawimbi mengine unazifanya zikuze ishara dhaifu badala ya kuimeza. Wanafizikia Penzias na Wilson mwaka 1964 kule New Jersey, Marekani, walikuwa na ya rubi kwenye antena yao, imepozwa na heliamu, ndio wakanasa ule mvumo wa mbali uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Nobeli 1978. Ila rubi yenyewe ya kutengenezwa kiwandani siyo ya Longido.

#39 Mama Rubi
Ya mwisho ungeiacha tu, nilishaanza kuandika bango.

#40 Jirani wa Voi
😂😂 weka tu bango, nani ataenda New Jersey kuuliza

#41 Mzee wa Mrututu
Turudi. Kijana aliyesema jiwe lipozwe kasema jambo la msingi ambalo watu wanalipita. Kwenye joto la chumba visumaku vinavyofuata uga na vinavyoupinga vinakaribia kulingana. Katika elektroni 10,000 tofauti ni kama saba au nane tu! Mashine inaishi kwa hao saba. Ukipoza kwa naitrojeni ya kimiminika wanakuwa kama thelathini. Kwahiyo mtu akikuambia nimepima joto la kawaida sikuona kitu, usimwamini, na akikuambia nimeona, muulize ameona nini kati ya kelele.

Niliporudi nyumbani kuna chuo kimoja kilikuwa na mashine hiyo, nzuri, imefunikwa na kitambaa cha mezani. Sumaku inataka maji ya kupoza, maji yanakatika. Naitrojeni inatoka mjini kwa lori, ikifika nusu imeshapaa. Tuliiwasha mara tatu kwa mwaka. Ya tatu panya walikuwa wameshakula nyaya.

#42 Nyoka Mstaafu
Pole Mzee. Panya hawana adabu hata kwa sayansi.

#43 Dogo Fundi
Wakuu nimefanya jaribio. Nimetoa sumaku ya diski ya kompyuta, zile ndogo kali, nikakata kipande cha ndala nikakiacha kielee kwenye beseni la maji, juu yake nikaweka garneti nyekundu ya dada yangu aliyonunua Umba. Nikasogeza sumaku bila kugusa. NDALA IMEKUJA YENYEWE. Dada kaita jirani. Nikaweka tanzanite ya pete, ndala imekaa kama haijui, nikasubiri, sijui ilisogea au upepo.

#44 Bi Fuwele
Dogo Fundi safi sana!! Garneti hiyo ina chuma nyingi, chuma ni sehemu ya jiwe lenyewe siyo mgeni, ndio maana ndala imetembea. Tanzanite ina wageni wachache. Hapo umeona kwa macho tofauti ambayo Mchoma alikuwa anaitafuta kwa spika. Na kwa garneti kama hiyo ESR ingekuwa taabu, chuma zimebanana, ule mvumo wa soko wa Mzee.

#45 Shemeji wa Mbinga
Jamani hii mashine inapima na kahawa? Nilisikia

#46 Bi Fuwele
Inapima, kahawa iliyokaangwa ina elektroni zisizo na mwenza kibao, mkaa pia, tena mkaa unatoa ishara kali kuliko mawe mengi ya thamani. Hata jino, ukipigwa na mionzi enameli inahifadhi alama miaka mingi, wamepima hivyo watu wa ajali ya nyuklia ya Chernobyl.

#47 Nyoka Mstaafu
Kwahiyo gunia la mkaa lina sumaku kuliko tanzanite. Mke wangu anajua kununua basi.

#48 Tochi Kali
Swali kwa wanaojua, jiwe linakatwa ili liingie? Maana mteja hawezi kukubali.

#49 Kipimio
Tochi Kali halikatwi kama linatosha. Bomba linalotumika sana ni la milimita 4 hivi, jiwe linaingia humo au linagundishwa kwenye kijiti. Haliharibiki. Lakini jiwe la pete kubwa haliingii kwenye bomba hilo, na yale mawili ya mchimbaji Laizer ya 2020, la kilo 9 na la kilo 5, labda ujenge mashine kulizunguka.

#50 Mchoma Mawe
Wakuu mpwa kapokea simu. Nimemsomea uzi wote, kacheka kwa Nyoka Mstaafu. Kasema sita ni manganisi kweli, Kipimio chukua shilingi zako. Kasema minane haijulikani, kuna vimstari anavyovishuku ila manganisi imevifunika, na vipande vyangu havifanani kwahiyo hawezi kusema tofauti imetokana na moto au ni mawe mawili tofauti tu, hata yangetoka shimo moja. Anachotaka ni jiwe MOJA, nilikate katikati, nusu nimpe bichi, nusu niichome mimi mwenyewe kama ninavyochoma siku zote, na mhimili uwekwe alama kabla ya kukata. Kasema bila hivyo Kipimio na Asiyeamini mtagombana mpaka Pasaka.

#51 Asiyeamini
Mpwa ana akili. Ila achukue nusu tatu, moja ichomwe hewani, moja kwenye mchanga.

#52 Bi Fuwele
Nusu tatu Asiyeamini?

#53 Asiyeamini
Umenielewa bana

#54 Nyoka Mstaafu
Jiwe lenye chai iliyokolea la kukata katikati nani analitoa bure? Mchoma usituangalie sisi.

#55 Mama Rubi
Ninalo moja gramu mbili na kidogo, lina ufa pembeni haliuziki. Mchoma pita dukani. Ila majibu yakija mimi niyasome wa kwanza.

#56 Mchoma Mawe
Mama Rubi ubarikiwe. Jumatatu napita.

#57 Jirani wa Voi
Uzi mzuri, nangoja. Na mkimaliza mjaribu tsavorite, natoa moja, ndogo lakini.

#58 Dogo Fundi
Wiki ya tatu hii. Mchoma Mawe vipi jiwe lilienda?

#59 Mchoma Mawe
Nililikata vizuri, fundi wa kukata kaweka alama ya mhimili kwa wino kama mpwa alivyoelekeza. Nusu bichi imeshafika Ujerumani. Nusu nyingine nilikuwa naipandisha polepole, nimefika kama 400, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Asubuhi nafungua kikombe nakuta vipande vitatu. Viwili bluu, kimoja bado kina chai upande mmoja.

#60 Kipimio
Usitupe hicho chenye chai upande mmoja! Hicho ndicho tunakitaka.

#61 Asiyeamini
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kipimio. Kitume.

#62 Mchoma Mawe
Kiko kwenye bahasha. Tatizo alama ya wino imeungua.